Wageni Wasioelewana

Jumatatu, 3 Juni
Dada anaolewa Jumamosi. Mama kampa bwana harusi kazi ya kupanga nani akae meza ipi. Yeye! Eti ni mtaalamu wa kompyuta. Na mimi je, nauza vitunguu? Nimesimama sebuleni nikatangaza kwamba programu yangu itapanga ukumbi mzima kwa kubofya mara moja. Baba kauliza kama ni ndugu wa ile iliyofuta picha zake zote. Bwana harusi, tunayemwita Taratibu kwa anavyoongea, kaniachia bila ubishi. Mwoga!

Jumanne, 4 Juni
Nimempigia bosi kwamba mgongo umegoma, siwezi hata kuketi. Kisha nimeketi kutwa nzima nikiandika programu. Tamu! Kila mgeni ana jina, ana meza, na ana watu asioelewana nao, ili wasikae pamoja. Kwenye sehemu ya uadui, shangazi nimemwelekeza kwa mtalaka wake, mtalaka kwa shangazi. Mimi nimejielekeza kwa bosi, maana mama kamwalika naye. Atakaa mlangoni, mimi nyuma ya nguzo. Hii ndiyo akili!

Jumatano, 5 Juni
Wageni lazima watoke kwenye kompyuta yangu waende kwenye ya ukumbini. Nikaiamuru programu iwageuze maandishi, iwaweke kwenye faili. Ikaanza na shangazi. Ikaona haelewani na mtalaka, ikaenda kumwandika mtalaka. Naye haelewani na shangazi, ikarudi kwa shangazi. Ikaenda, ikarudi, kompyuta ikanguruma kama mashine ya kusaga, ikazima. Yaani hata humo wale wawili hawaachani!

Taratibu kapiga simu. Dada kamwambia, bila shaka. Kasema, neno moja moja, kwamba mgeni ni kitu nilichobuni mwenyewe, lugha ya programu haimjui. Niifundishe namna ya kumkunja awe maandishi na kumkunjua awe mgeni tena. Nisimwandike adui mzima, niandike jina lake tu, na wakati wa kusoma faili nimtafute kwa jina hilo. Nikamshukuru sana. Nikakata simu. Anifundishe mimi!

Alhamisi, 6 Juni
Dawa imepatikana. Nimeiambia programu iruke sehemu ya uadui. Faili likatoka papo hapo, safi, jepesi! Uadui nitaurudisha huko huko ukumbini. Nimelala mchana, usingizi wa mshindi.

Ijumaa, 7 Juni
Ukumbini. Faili limefunguka, wageni wamerudi, lakini si wageni tena, ni maandishi matupu. Nikitaka shangazi apangiwe meza, programu inajibu kwamba maneno hayakai mezani. Msimamizi wa ukumbi, mama asiyecheka, kauliza kama nilijaribu mapema. Nikacheka kwa niaba yake. Nikamuumba upya kila mgeni kutoka kwenye maandishi yake. Wakapata uhai! Nikabofya. Meza zote zikajaa bila mgogoro hata mmoja. Kwa furaha nikachapisha kadi, nikazibandika. Kuna kitu nilipaswa kurudisha, nimekisahau. Kama ni muhimu kitakuja chenyewe.

Jumamosi, 8 Juni
Kimekuja. Kimekuja na suti ya kijivu, kikaketi kushoto kwangu, kikauliza mgongo unaendeleaje. Kulia kwangu shangazi. Mbele yake mtalaka na mke mpya. Programu iliamini ukumbi mzima unapendana! Shangazi akamwambia mtalaka amefura kama godoro lililonyeshewa. Mke mpya akarusha bakuli la supu. Shangazi akainama. Mimi sikuinama. Nikaruka juu, na bosi akasema hajawahi kuona mgonjwa wa mgongo akiruka hivyo.

Dada akaja na shela lake. Hakufoka. Alisema tu, "Kaka, leo ilikuwa siku yangu." Nilitamani ardhi inimeze. Taratibu akavua koti, akapita meza kwa meza na kalamu, akahamisha watu mmoja mmoja, polepole, akiwatania, mpaka shangazi akacheka. Dada akamtazama kwa macho ambayo hajawahi kunitazama mimi, tangu azaliwe.

Jumapili, 9 Juni
Bosi kanipa likizo isiyo na siku ya kurudi. Nimejipima kwa uaminifu mkubwa. Ugomvi ulikuwa wa watu. Programu haikugombana na mtu.

Bahati ikanifuata nyumbani! Daktari wa meno, jirani yetu, amenunua kompyuta mpya na anataka wagonjwa wake wahamishwe. Kaniuliza kwa wasiwasi kuhusu ile sehemu inayoonyesha kila mgonjwa hudhuriwa na dawa zipi. Nimemwambia atulie. Hiyo tutairuka kwanza.