Ozoni ya Roshani Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Binti wa vipimo vya hewa kaja! Kafunga kifaa cha kupima ozoni kwenye roshani yangu, kidogo kama mche wa sabuni. Eti ni cha bei nafuu. Gesi hiyo ikiwa kidogo mno hakiioni, kinaandika tu "chini ya kiwango". Kanywa chai. Kacheka nilipomsimulia nilivyofunga kibanda changu cha fotokopi. Ananiita baba. Wanangu wa kuzaa huniita "tutaongea baadaye". Kasema nikiona namba ya ajabu nimpigie, atakuja mara moja. Namba ya ajabu! Haya.

Alhamisi, 6 Machi
Chini ya kiwango. Jana pia. Nimekipulizia marashi, nimekipulizia dawa ya mbu, nimekipumulia mwenyewe. Wapi! Vifungo, fundi cherehani wa ghorofa ya chini, kauliza kwa kejeli kama yule mgeni wangu karudi. Nikamjibu wageni wananichosha. Muongo mkubwa mimi. Nimeandaa vikombe viwili, nimekunywa kimoja. Upweke unauma, basi tu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepata! Mashine kuukuu ya fotokopi hutoa ozoni, ile harufu kali iliyokuwa ikinikereketa koo kibandani. Yangu ninayo chumbani, imefunikwa shuka. Nimeiburuta hadi roshani, kiuno nusura kikatike. Nikatoa nakala za kiganja changu mpaka karatasi zikaisha. Kifaa kikaamka! Namba juu! Nikampigia binti huku natandika kitambaa cha meza.

Kumbe. Kasema kwa sauti ya hofu nifunge madirisha, nisitoke, nisipokee mtu. Onyo limeshatumwa kwenye simu za mtaa mzima. Mtaa ukabaki mtupu. Hata Vifungo kafunga duka. Sijawahi kuwa peke yangu namna hii.

Jumatatu, 10 Machi
Kaja. Kaiona mashine. Kaviona viganja, vimetapakaa sakafuni. Hakufoka, heri angefoka. Kanieleza taratibu kwamba hewa ya hapa ilikuwa safi kuliko kwingine kote. Ili kujua kifaa kinaanza kuona gesi ikifika kiasi gani, sharti kwanza kipimwe mahali ambapo gesi karibu haipo. Walishanichagua mimi. Angekuja kila asubuhi, mwezi mzima. Kila asubuhi! Kwa sababu ya ile ile "chini ya kiwango" niliyoilaani! Sasa vipimo vya kwangu haviaminiki. Kakifungua kifaa, kakishusha kwa Vifungo. Chai hakuigusa. Nimelia kidogo bafuni, bomba likiwa wazi.

Ijumaa, 14 Machi
Vicheko huko chini tangu asubuhi. Vifungo anasimulia habari za suti, binti anacheka. Suti! Nikawaza nishuke tu, nibishe hodi, niombe radhi, nipewe kikombe na mimi. Ni ngazi chache. Nikavaa hadi viatu. Nikashika kitasa, aibu ikanirudisha.

Halafu nikachungulia. Dirisha la Vifungo liko moja kwa moja chini ya roshani yangu. Kifaa nakiona kwa macho yangu. Hewa ya kwake ikichafuka, si watalazimika kutafuta penye hewa safi? Kama hapa juu, kwa mfano? Mashine nimeigeuza, feni inatazama chini. Karatasi nimeagiza rimu mbili. Na biskuti, anazozipenda binti.