Daktari wa Chuma Apeleka Posa

Dodoma nzima hakuna aliyejua chuma kama Daktari Cornel. Hata wafua majembe walikuwa cha mtoto kwake! Mwaka 1993 alirudi kutoka Ulaya na shahada ya kuchunguza chembe ya chuma iliyokaa katikati ya pete ya molekuli, kama ile ya kwenye damu, kwa sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Sumaku ilibaki Ulaya. Mdomo ulikuja wote.

Sasa alimtaka Yasinta wa Haneti, hata usingizi ulimpaa. Akapeleka posa na mshenga wake, Ulimboka, dalali wa mahindi wa Kibaigwa, kapera mwenzake.

"Ukweni anasema mshenga," Ulimboka alimwonya njiani. "Wewe kazi yako kunyamaza."

"Wewe na mahindi yako utaieleza sumaku?"

Jamani, elimu nyingine ni mzigo!

Baba wa binti, Mzee Batholomeo, aliitikia shikamoo zao, akauliza, "Haya, kijana wenu anafanya kazi gani?"

Ulimboka akafungua kinywa. Cornel akamruka! Akawapanga wenyeji kwenye vigoda, duara kamili, akasimama katikati na suti yake ya baridi ya Ulaya, jasho likimtiririka.

"Mimi ndiye chuma! Ninyi haidrojeni! Chuma hiki kina elektroni isiyo na mwenzi, na ndiyo inayowavuruga majirani wote. Alama zao kwenye vipimo zinatupwa mbali! Wengine walizitafuta mahali pa kawaida, wakatoka kapa. Mimi nikapanua dirisha la vipimo, nikazikuta huko!"

"Haina mwenzi?" shangazi yake Yasinta akadakia. "Si itafutiwe mke!"

Cornel hakucheka. Alifumba macho, akaingia sura ya pili ya tasnifu yake. Bibi wa binti akahamishia kigoda chake kivulini. Wajomba wakafuata harufu ya kuku, na Ulimboka nyuma yao. Mzee Batholomeo akakumbuka ghafla kwamba ana ng'ombe.

Cornel alipofumbua macho, alikuwa amebaki na vigoda.

"Na jibu langu?" akaita. Maskini, alipenda kweli.

Shangazi akatoka jikoni alikokuwa Yasinta.

"Binti anasema hapana, mwanangu. Anasema na yeye ameshatupwa mbali."

Kisha akamgeukia Ulimboka, aliyekuwa mlangoni mwa jiko anatafuna paja la kuku bila neno.

"Ila anauliza, huyu aliyenyamaza, ana mwenzi?"