Barakoa ya Mlango na Nafasi Yangu Chini ya Bati

Jumatatu, tarehe 1 Juni 2020

Andika, Yasmin. Usipambe. Mimi shule sikuiona, ila mdomo ninao. Siku ya kuulizana ikifika nisiambiwe nimesahau.

Leo gari la matangazo limepita hapa Bakoba. Spika inakoroma kama mtu mwenye mafua. Nusu nimesikia mwenyewe, nusu amenimalizia Klaudia, ambaye mtu akikohoa Kemondo yeye huku anajua amekohoa mara ngapi. Kwamba soko letu dogo linafunguliwa Jumatatu ijayo. Kwamba corona imepungua lakini haijaaga. Kwamba tutakaa mbalimbali, mita moja mtu na mtu, kwa hiyo chini ya bati tutaingia nusu tu. Wengine nje, kwenye mtaro.

Mawe! Mtaroni! Mimi nauza kahawa ya kutafuna. Unaichemsha, unaikausha, unaikausha tena. Ikipigwa na mvua inaota ndevu. Na mvua za mwaka huu zimekataa kwenda kwao. Na magoti yangu ndiyo haya. Pale kwenye nguzo ya pili nimekaa tangu marehemu mume wangu, baba yake Faruku, alipotuacha. Watu wa Rubafu wakishuka hawaulizi kahawa iko wapi, wanaifuata nguzo. Nikitoka pale sina mteja. Nabaki bibi wa kukaa nyumbani kumchungia Yasmin kuku wake. Yasmin ameweka kalamu chini. Okota, mwanangu, ni kweli.

Nikamwendea Byarugaba, mwenyekiti wa soko. Mzee wa kanisa, Mlutheri, mpole, anaongea kama anaogopa kumwamsha mtoto. Akasema nafasi yangu ipo, hajampa mtu. Jumamosi bwana afya atapita kukagua. Kila anayetaka bati aje na ndoo ya koki na sabuni, asimame penye nafasi yake. Basi. Lete ndoo tu, mama.

Ndoo tu! Mimi nimezeeka, sijawa mjinga. Ukiambiwa lete ndoo tu, jua kuna mwenzako kaleta kikubwa zaidi.

Jumanne, tarehe 2 Juni

Sikulala vizuri. Magoti. Na kuwaza.

Klaudia kaja asubuhi. Huyu naye anauza kahawa, nguzo ya tatu, kahawa yake ngumu kama changarawe za barabarani. Miaka yote anaitamani nguzo yangu kwa sababu ya tatu inavuja. Kaja mnyenyekevu, mikono kifuani. Anaomba kuazima ile ndoo yangu ya koki, yake imepasuka. Yasmin akanikonyeza. Sijui alikuwa na nini jichoni.

Nikampa. Nikampa na sabuni. Nikamwambia chukua mwenzangu, kaa nayo hata mwezi. Alipoondoka nikacheka hadi nikakohoa, na siku hizi ukikohoa majirani wanafunga madirisha.

Ahangaike na ndoo. Mimi nina akamwani.

Maana kwetu Uhayani mgeni hapewi habari kabla ya kahawa. Kikapu kidogo mbele yake, achukue punje, atafune. Hiyo ndiyo akamwani. Ukikataa kahawa umemkataa mtu. Ukitafuna tumekuwa wamoja, na aliyekuwa mmoja na mimi hawezi kuniweka mtaroni na mvua inanyesha. Hata serikali haiwezi kufungua fundo hilo. Kesho Byarugaba atatafuna.

Jumatano, tarehe 3 Juni

Hakutafuna.

Nimevaa kanga yangu ya Idi, nimepanda kile kilima chote mpaka kwake. Njiani nimepumzika mara nyingi, mara moja juu ya tofali za mtu, mtu mwenyewe akatoka akanisalimia, nikashindwa kuinuka, ikabidi nizungumze naye. Kumbe tuna undugu kwa upande wa Kamachumu. Sasa hilo ni jambo lingine.

Nimefika. Nimempigia goti kwa heshima zote, ingawa mimi ni mkubwa kwake na goti lilinijibu kwa sauti. Nikasogeza kikapu. Byarugaba akakitazama kikapu kwa huzuni kabisa. Akasema waitu, mama yetu, ningetafuna, tena yako ndiyo kahawa, lakini nimevaa barakoa. Mwenyekiti wa soko akionekana anavua barakoa mbele ya watu, atawaambia nini wengine? Akashika kifua. Akaniuliza na ndoo je, ipo?

Ndoo tena! Nikamwambia tata, baba yangu, hapa tunaongea mambo ya heshima, wewe unaniletea habari ya vyombo.

Nimerudi na kikapu kimejaa. Kilima kile kushuka ni kubaya kuliko kupanda.

Alhamisi, tarehe 4 Juni

Nimepata! Nimepata wakati natawadha, Mungu anisamehe.

Barakoa ndiyo kikwazo. Basi tusiivue. Tuitoboe mlango!

Nikaenda kwa Riyadhi, fundi cherehani. Nikamweleza: barakoa ya kitenge, mdomoni iwe na kifuniko kama cha mfuko wa shati, na kifungo. Unafungua, unaingiza punje ya kahawa, unafunga. Pua imefunikwa, serikali imeheshimiwa, kahawa imeingia. Riyadhi akaweka mkasi chini. Akauliza kama nimekunywa dawa zangu. Nikamwambia shona, mtoto wa Jamali, baba yako alikuwa mtu wa kazi, hakuwa mtu wa maswali.

Akashona. Ikatoka nzuri! Kifungo cheupe. Akaijaribu mwenyewe kwenye kioo, anafungua anafunga, anafungua anafunga, akaanza kupenda. Nikamwacha anakata kitenge kingine. Sikumuuliza cha nani.

Yasmin kaniuliza jioni: mama, ile ndoo tuifuate kwa Klaudia? Nikamwambia wewe na ndoo mmezaliwa siku moja?

Ijumaa, tarehe 5 Juni

Ametafuna!

Nimepanda kilima, jamaa yangu wa tofali kanipa kigoda safari hii. Nimempa Byarugaba barakoa, zawadi ya mzee, haikataliwi. Akaivaa. Nikamfungulia kifungo kwa mkono wangu mwenyewe. Alicheka hadi machozi yakaingia ndani ya kitenge. Akachukua punje mbili. Akatafuna. Nimeziona taya zinakwenda!

Akaanza kusema tena kuhusu Jumamosi na ndoo, nikamnyamazisha kwa mkono. Nikamwambia tumeshamaliza, tata, tumemaliza kikwetu.

Nimelala mchana wote. Uchovu mtamu.

Jumamosi, tarehe 6 Juni

Sitaki kuandika. Andika, Yasmin, lakini polepole.

Asubuhi nimeitwa. Bwana afya, kijana anaitwa Kamala, ananihitaji mara moja kwa Mwesiga. Mwesiga ana kilabu cha rubisi, pombe ya ndizi, nyuma ya soko. Nikajua habari za barakoa zimefika halmashauri, wanataka za wilaya nzima mpaka Muleba. Nikavaa tena kanga ya Idi.

Nafika. Mawe we! Benchi zima la wanaume, wote wamevaa barakoa zangu, vifungo wazi, na kwenye kila mlango umechomoza mrija. Mirija yote imeingia kwenye chungu kimoja! Wanavuta rubisi wametulia kama ng'ombe mtoni. Mwesiga anajitetea kwamba wateja wake wote wamejikinga, mheshimiwa, hebu hesabu mwenyewe. Kamala akauliza huu ni ujinga wa nani. Benchi lote likajibu kwa sauti moja, kama wamefundishwa: wa Mama Faruku!

Walevi hawana shukrani. Na Riyadhi alikuwa katikati yao, mrija wake mrefu kuliko yote.

Kamala hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alinifundisha. Mate, matone, hewa, mita, virusi. Alinifundisha nimesimama, mimi Mwislamu, mlangoni mwa kilabu cha pombe, watu wa msikitini wanapita. Mmoja akanisalimia kwa kichwa tu.

Ndipo tukaenda naye sokoni kukagua. Nguzo ya pili. Klaudia amesimama pale, mgongo umenyooka kama bibi harusi. Mbele yake ndoo. Koki inang'aa. Sabuni kwenye kisahani.

Byarugaba akanitazama. Akauliza kwa ile sauti yake ndogo: mama, ndoo iko wapi? Nikamfanyia ishara ya kutafuna. Akainama akatazama viatu vyake. Akauliza tena, na safari hii alikuwa kama anaomba. Nimekushikilia nafasi wiki nzima, mama, niambie tu iko wapi.

Nikasema ndiyo ile pale.

Kamala akasema yeye anaandika aliyesimama na ndoo. Klaudia akasema ni kweli, ndoo ya Mama Faruku, Mungu ambariki, alimpa na sabuni. Watu wakapiga makofi.

Jumatatu, tarehe 8 Juni

Soko limefunguliwa. Mvua nayo imefunguliwa.

Niko mtaroni, chini ya turubai lililotoboka. Kahawa nimeifunga kwenye nailoni, nailoni kwenye kanga, kanga kifuani. Watu wa Rubafu walishuka, wakaifuata nguzo ya pili, wakanunua changarawe za Klaudia. Mmoja aliniona, akaniuliza bibi, umehama? Nilitazama maji yakipita na maganda ya ndizi.

Nimechoka, Yasmin. Si magoti. Ni mimi.

Mchana Klaudia kanitumia chai na kipande cha muhogo. Nimekula. Ulikuwa mtamu, na hilo limeniumiza zaidi.

Alhamisi, tarehe 11 Juni

Habari! Mwuza vitunguu wa nguzo ya nne anarudi kwao Ngenge, anasema bora jembe kuliko mita moja. Nafasi iko wazi, kavu, haivuji. Byarugaba kaja mwenyewe mtaroni na mwavuli kuniambia. Barakoa ya kawaida, haina mlango. Kamala atapita Jumamosi. Akanishika mkono akasahau corona yote. Akasema mama, nakusihi, nakuomba kama mwanao, safari hii uje na ndoo. Ndoo peke yake. Usifanye kitu kingine chochote.

Na Klaudia kairudisha ndoo, kaiosha, kasugua mpaka chini. Yasmin kaiweka mlangoni, nisiweze kutoka bila kuiruka.

Nikakaa nikaitazama. Nikawaza. Hivi kosa langu lilikuwa nini? Kosa langu ni kwamba nilimtafunisha Byarugaba, kumbe anayeandika ni Kamala! Na Kamala hajaoa. Nimeuliza. Na mtoto wa dada yangu kule Muleba, Nuriat, yule mrefu, naye yupo tu, hajaolewa. Lakini huwezi kumwendea mtu kwa neno kama hilo mikono mitupu. Unatanguliza juisi ya ndizi, nyingi, kwenye chombo kikubwa na safi.

Yasmin anashika kichwa. Ashike. Jumamosi asubuhi kabla ya ukaguzi nitakuwa mlangoni kwa Kamala. Nimeshaijaza ndoo mpaka juu, ila ile koki nimeing'oa na kuziba tundu kwa gunzi. Ilikuwa inavujisha juisi.