Vielezi Vitatu kwa Bwana Shauri

Garsen, Jumatatu, 5 Machi 1956
Karani wa feri amehamishiwa Lamu. Kofia yake imetundikwa kibandani, haina kichwa. Kichwa ninacho! Mzee Dukicha, baba yake Gumato, amesema waziwazi hatamwoza binti yake kwa mtu ambaye kazi yake ni kuimba. Basi nitakuwa karani. Maana kweli, kwenye feri mimi huimbisha tu. Naita, wenzangu saba wanaitikia na kuvuta kamba. Sijawahi kuvuta. Nikivuta, pumzi ya kuimba nitaitoa wapi?

Baya, mmoja wa wavuta kamba wenzangu, naye anaitaka ile kofia. Baya! Kiingereza chake cha kuombea maji.

Jumanne, 6 Machi
Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, anataka maombi kwa barua, tena kwa Kiingereza. Nimekwenda kwa Mwalimu Kadenge na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akanieleza kwamba kitenzi husema umefanya nini, na kielezi husema umefanyaje. Kielezi hukaa karibu na kitenzi, akasema, lakini kazi yenyewe hufanywa na kitenzi. Hapo nikakipenda. Ni kama mimi na wenzangu!

Akanionya nisiandike kielezi nisichoweza kukionyesha kwa vitendo. Maziwa yalikuwa yamekwisha, nikaaga.

Jumatano, 7 Machi
Nimeiona barua ya Baya. Nilichungulia, nani alimwambia aiache mezani? “I pull the rope”, yaani navuta kamba. Basi! Kitenzi kimekaa uchi kama kuku aliyenyonyolewa. Nikamwonea huruma, nusura nimsaidie.

Yangu sasa. Navuta feri “daily”, yaani kila siku. Naivuta “swiftly”, yaani kwa kasi. Nikaona karatasi bado ina nafasi, nikaongeza “singlehandedly”, yaani peke yangu. Neno refu ajabu, limekula nusu ya mstari. Bwana Shauri ataanguka kitini!

Ijumaa, 9 Machi
Bwana Shauri amekuja na gari, barua yangu mkononi, akaisoma kwa Kiswahili mbele ya watu wote. Akasema hajapata kuona mfanyakazi wa namna hii. Nikavimba kichwa. Kisha akawaamuru wenzangu wote wakae chini. Anataka kuviona vielezi vyangu. Lahaula!

Ndani ya feri kulikuwa na gari lake, na Mzee Dukicha na ndama wake mgonjwa. Ng'ambo, Gumato na wauza maziwa wenzake. Nikashika kamba, nikavuta. Feri haikuwa na habari. Nikaanza kuimba, aliyeitikia ni ndama peke yake. Tukajikokota hadi katikati ya mto, mkondo ukatukamata, kamba ikanichuna viganja. Nikaiachia. Mzee Dukicha akauliza, kwa sauti ya kufika ng'ambo, kama hii ndiyo kasi yenyewe au bado iko njiani. Gumato akacheka mpaka akatua kibuyu chini. Niliona aibu, nikatamani mamba anichukue.

Baya akainuka bila kutumwa, akaishika kamba, akawaita wengine. Tukavuka.

Jumamosi, 10 Machi
Baya amevaa kofia. Inamkaa vizuri, ndilo linaloniudhi zaidi. Amri yake ya kwanza: kila mtu avute, mwimbishaji pia. Mzee Dukicha ametuma neno kwamba habari ya posa nisahau. Nimelia kidogo. Moshi wa jikoni, nimewaambia.

Jioni Gumato akaniletea samli nipake viganja. Ananipenda!

Jumatatu, 12 Machi
Habari njema! Zahanati inatafuta mdunga sindano. Nimempelekea Mwalimu kibuyu kingine. Hakukigusa. Akaniuliza kama nimewahi hata kushika sindano. Maswali madogomadogo hayo! Nimeandika kwamba nadunga “gently”, yaani polepole, na “painlessly”, yaani bila maumivu. Daktari anakuja Alhamisi kuona kwa macho yake. Mgonjwa wa kwanza ni Mzee Dukicha, ana jipu pale pa kukalia. Mkwe wangu mwenyewe! Safari hii sina wasiwasi hata chembe. Sindano haina kamba.