Ombi la Kumshusha Mkwe Anayeonekana Juu ya Ua

Kabambare

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Warukaji wa Trampolini,

Nakuandikia kwa heshima nyingi, na kwa furaha ambayo haijanitoka tangu siku ya ndoa. Mimi ni mke mpya wa Héritier, yule mrukaji wenu ambaye akipaa hata mbuzi huacha kula. Sina ubaya na mchezo. Nilimpenda akiwa hewani, kichwa chini miguu juu, na alipotua nilikuwa nimekwisha kukubali.

Shida ni mahali. Mvua ilipoharibu uwanja, uliamuru trampolini, kile kitambaa kilichokazwa kwa mipira ya magurudumu ya lori, ihamishwe nyuma ya ua wa wazazi wangu. Hukuuliza ni ua wa nani. Nawe wajua kwamba kwetu mume hatazamani na mama mkwe wake: wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Sasa mama yangu aingie majani gani, mkwe akitokea juu?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mama hawezi kuanika muhogo. Akitoka na beseni, Héritier anachomoza juu ya ua, Mama anakimbilia jikoni. Héritier akishuka, Mama anatoka. Kumbe naye anapanda tena. Muhogo unaoza ndani ya beseni, na jua lipo.

2. Mume wangu amelelewa vizuri. Ili asimwone Mama, alianza kuruka akiwa amefumba macho, akatua juu ya mabega ya mwamuzi wenu, Bwana Alain. Kisha akaruka akiupa ua mgongo, mkamkata pointi. Ni mchezo gani huu unaomwadhibu mtu kwa adabu yake?

3. Baba yangu anaruhusiwa kusalimiwa, na Héritier hawezi kupita mbele ya mzee bila salamu. Basi anauliza habari za nyumbani akiwa juu, anashuka, anapanda kupokea jibu, anashuka, anapanda kuuliza habari za shangazi anayeishi kijiji cha Wamaza, ambaye ni mgonjwa, na habari za mgonjwa ni ndefu. Kocha anapiga filimbi asimame. Atasimamaje, mzee hajamaliza?

4. Mkwe akimwona mama mkwe kwa bahati mbaya, hupeleka kuku wa kuondoa haya. Héritier anapeleka. Kuku wamejaa uani, na ule muhogo kidogo Mama aliowahi kuuanika, wameula wao.

5. Baba mdogo Pierre, aliyesema kwa niaba ya ukoo siku ya mahari, ametamka kwamba aibu hii isipokoma kabla ya fainali ya Jumapili dhidi ya timu ya Kasongo, nitarudi kulala kwa wazazi hadi mashindano yote yaishe. Ndugu Mwenyekiti, bado najifunza mume wangu anavyokoroma. Usinitenge naye.

Kwa hiyo naomba Héritier aruke bila kuupita ua kwa urefu, nanyi mumpe pointi zote kama aliyeupita, kwa kuwa nia anayo. Msiniambie tuinue ua. Namjua mume wangu: ua ukipanda, naye atapanda. Na kama Kasongo watashinda kwa sababu hiyo, wapeni kikombe chao, mimi nibaki na mtu wangu.

Nisalimie mama watoto, kocha, Bwana Alain na mabega yake, na kila aliyechangia mpira wa lori.

Mke wa Héritier (napenda tu kuyaandika maneno haya),
Clémentine

Nyongeza: Kabla ya kuifunga barua nimemsomea Mama. Akamaliza kupeta mchele, kisha akasema: “Usitume hii. Ambia kwanza bwana yako abane miguu mu mpinduko ya pili. Pale ndiyo watu ya Kasongo watamupita.”

Nikamuuliza amejuaje, naye hujificha jikoni. Akaniambia tu kwamba Baba mdogo Pierre amekwisha kuambiwa anyamaze, na amenyamaza.

Basi futa yote niliyoandika hapo juu. Limebaki ombi moja: mhamishe trampolini ikae upande wa mashariki wa ua, maana jua la saa kumi linampiga Mama machoni.