Cherehani ya Burulcha na Habari Njema za Kubat

Kubat hakuwa na kazi, wala hakuitaka. Alijiandikisha katika ofisi ya ajira mjini Tokmok kwa sababu bila kadi ya wasio na kazi mlinzi hamruhusu mtu kuingia ukumbini, na ukumbini kulikuwa na joto. Humo ndani siku moja alimwona mzee akivua koti lake na kumpa kijana aliyemletea habari kwamba jina la mzee limebandikwa ukutani, amepata kazi. Hiyo ndiyo suyunchu: mleta habari njema haondoki mikono mitupu, na alichopewa hakirudishwi.

Kubat akaona riziki hiyo imekuja yenyewe. Kwa kuwa ofisi ile ilibandika majina kwa nadra kama harusi ya mkuu wake, aliamua kuyatunga mwenyewe.

Akabisha kwa Burulcha, mshonaji aliyeachishwa kazi kiwanda kilipofungwa.

"Suyunchu, mama! Umekuwa msimamizi wa karakana."

"Sina cha kukupa, mwanangu."

"Na ile cherehani? Msimamizi hashoni."

Majirani walikuwa wamekwisha kujaa mlangoni. Burulcha akaona haya, akaitoa, ingawa ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na mama mkwe wake. Kesho yake karani wa ofisi, macho yakiwa kwenye kikombe cha chai, alimwambia hakuna karakana yoyote.

"Subira, mama," Kubat akamwambia bila haya. "Serikali ina mambo mengi."

Basi Burulcha akasubiri. Kila Jumatatu alienda kusoma karatasi ya ukutani. Jumatatu ya tatu aliisoma mara mbili, akatoka mbio hadi mkahawani alikokuwa ameketi Kubat.

"Suyunchu, Kubat! Jina lako limetoka."

"Acha utani, mama."

Burulcha akashika mkate wa mezani. "Nikisema uongo, mkate huu unilaani. Kazi ya serikali. Hata viatu unapewa."

Kazi Kubat hakuitaka, lakini cheo, nani hakitaki? Tena mkahawa mzima ulikuwa ukimtazama, na nusu yao alishakula suyunchu zao.

"Haya, unataka nini?"

"Cherehani yangu."

Akamrudishia papo hapo, akachana nywele, akaenda ofisini. Karani akamkabidhi koleo na buti za mpira.

"Mitaro ya mtaa wa tatu. Ukikataa, lete kadi tuifute."

Asubuhi iliyofuata Kubat alikuwa ndani ya matope hadi kiunoni, chini ya dirisha lililokuwa likitoa mlio wa cherehani. Mlio ukakoma, dirisha likafunguliwa.

"Mwanangu," Burulcha akasema, "pale kwenye kona umeparuka."