Salamu za Apollinaire Zilivyovuka Kwenda Butembo

Sogeeni karibu, enyi mliopata kutuma barua isiyo na karatasi, niwasimulie ushindi wa Apollinaire mwana wa Mbambu, bwana wa malori, mshinda-matope wa njia ya Ntoto, ambaye hakuna utelezi uliowahi kumlaza chini zaidi ya wiki.

Ilikuwa miaka ya vita. Njia zilifungwa, naye akakwama Masisi, huku uvumi ukifika Butembo kwamba ameuawa. Mama yake akaususia ugali. Alipopigiwa simu alisema sauti yoyote huigwa, akaapa kutotia kitu mdomoni mpaka auone uso wa mwanawe ukisema.

Basi shujaa akavaa koti, akaingia katika chumba cha intaneti cha Kétsia, binti mwenye subira ya chuma, akarekodiwa video akimsalimia mama, kisha ukoo mzima, mmoja mmoja kwa jina, pamoja na magonjwa yao, kama adabu ya kwao itakavyo. Jeshi hilo la salamu likaelekezwa kwa mdogo wake Muhindo, aliyekaa na mama huko Butembo. Kétsia akabonyeza, na ngome ya imeli ikalitapika, ikitangaza pasipo huruma kwamba faili ni kubwa mno.

Kétsia akamsihi afupishe salamu. Apollinaire akasimama, mkono kifuani, akauhutubia umati, yaani Kétsia na fundi wa jenereta.

“Dada, nikiruka hata tantine moya, shangazi moya tu, hii vita ya mu njia itaonekana muchezo. Camion ikishindwa kupanda mulima, tunashusha mizigo, inafanya safari ingine. Njo vile tutafanya. Kata salamu, uzipakie kidogo kidogo.”

Zikakatwa. Kikosi cha kwanza, chenye salamu za mama, kikapita lango kwa fahari, kikafika Butembo na kurudishwa: sanduku la imeli la Muhindo lilikuwa limejaa pomoni. Hapo moyo wa shujaa ulitikisika, maana mama yake alikuwa akiishiwa nguvu. Akampigia Muhindo, naye akakiri kwa aibu kwamba amelijaza kwa picha zake mwenyewe akiwa amevaa suti.

“Mudogo yangu,” akasema Apollinaire, “mama iko anakufa na njaa juu ya maveste yako. Futa.”

Muhindo aliomba walau ile nyeupe ya arusi isamehewe. Haikusamehewa. Vikosi vikavuka, cha mama, cha baba wadogo, cha mashangazi na vidonda vyao vya tumbo, nao Apollinaire na Kétsia wakakaa wakingoja mpaka jibu la Muhindo likaja kwenye kioo.

“Mama ameona. Iko anakula. Anasema umekonda, anauliza: na weye, unakula?”

Shujaa, ambaye tangu asikie mama amesusia ugali hakuwa ameonja kitu, akafuta macho kwa mkono wa koti, akamuuliza Kétsia maharage yanauzwa wapi. Na iandikwe hivi katika kumbukumbu za Masisi: majeshi yenye mizinga yaliposhindwa kuifungua njia, salamu za mtu mmoja zilipita zote, na hakuna shangazi aliyeachwa nyuma.